Fundi wa Pua ya Ndege

Mume wangu alisomea pua ya ndege. Si ndege nzima, pua tu, na si pua ya kila ndege, ila ya zile za kivita zinazokimbia kuliko sauti. Serikali ilimpeleka nchi ya baridi akiwa kijana wa Masasi aliyewahi kupanda lori mara chache, akakaa huko mpaka akazoea kula viazi asubuhi, akarudi na cheti ambacho hakuna mtu wa kwao aliyeweza kukisoma, maana hata herufi zake zilikuwa ngeni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Niliolewa nikidhani nimeolewa na mtu wa ndege. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ndege inaanzia nyuma ya pua, na huko nyuma hakukumhusu.

Mwanzoni mwa ndoa yetu, katika nyumba za kambi ya jeshi, nilimuuliza pua ina nini hasa cha kumkalisha mtu darasani miaka yote ile. Lilikuwa swali la kumchokoza. Yeye alilipokea kwa furaha, akasogeza kando sahani ya wali, akaanza.

Alisema injini ya jeti inaishi kwa kuvuta hewa. Mbele yake kuna safu za feni, na feni hizo zinataka hewa inayokuja kwa adabu, polepole kuliko sauti. Sasa ndege yenyewe inakimbia mara mbili ya sauti. Hewa iliyo mbele haina habari kwamba kuna ndege inakuja, kwa sababu habari kati ya hewa na hewa hupelekwa kwa mwendo wa sauti, na ndege imeshaipita sauti njiani. Kwa hiyo hewa inakutwa ghafla, inaingia mdomoni kwa vurugu, feni zinashindwa kuimeza, injini inapiga kishindo na kutema moto kwa mbele. Ndiyo maana puani huwekwa koni. Ncha ya koni inaipiga hewa kwa wimbi la mshtuko na kuipunguza kasi, kisha wimbi jingine, na la mwisho, pale mdomoni penyewe, linaimaliza jeuri. Ndege ikizidisha mwendo koni inasogea mbele, ikipunguza inarudi. Kazi yake yeye ilikuwa kujua koni ikae wapi.

Nikamwambia kwetu Newala kitu kama hicho kipo bombani. Maji yanatoka siku yanapojisikia. Yakitoka, wanawake wote wanakimbia na ndoo, wanabanana pale, hakuna anayekinga hata kikombe, mpaka ajitokeze mama mmoja mwenye sauti awasimamishe mbali na kuwaingiza mmoja mmoja.

"Huyo mama ndiye koni," akasema.

"Kwa hiyo serikali ilikupeleka ng'ambo miaka yote ile ukajifunze kupanga foleni?"

Akafikiri kwa dhati kabisa. "Ndiyo," akasema. "Foleni ya hewa."

Hapo ndipo nilipompenda. Nilikuwa nimeshaolewa naye, lakini kupenda ni jambo jingine, na lilinijia pale mezani bila kupanga.

Kisha zikaja zama za ruksa na soko huria. Madukani pakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikafika hadi minadani Masasi, na watu waliokuwa wakipanga foleni ya sukari wakaanza kuchagua sukari. Kambini mambo yalikwenda kinyume. Ndege zilifunikwa turubai kwa kukosa vipuri, maana nchi iliyoziuza nayo ilikuwa imefungua soko lake na haikukumbuka tena imemuuzia nani nini. Baadaye nchi yenyewe ikavunjika. Mume wangu aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, akafuta vumbi kwenye koni, akaisogeza mbele, akairudisha, akarudi nyumbani. Serikali ilipoanza kupunguza watumishi, fundi wa pua ya ndege isiyoruka hakuwapa shida ya kumfikiria.

Mimi niliomba uhamisho, nikapangiwa Kitangari, kijijini kwetu. Tukapanda basi na watoto wawili, godoro, na sanduku la vitabu vyake vyenye herufi zisizosomeka.

Mama yangu alikuwa amefariki tukiwa kambini, na katika uhai wake alikuwa amewatangazia watu kwamba mkwe wake anaendesha ndege. Kijiji kizima kilikuja kumwona rubani. Walimkuta mtu mwembamba, amekaa kwenye kigoda, anatazama chini kama inavyompasa mkwe, na kila swali analijibu kwa ukweli wake wote. Uliendesha ndege? Hapana. Ulipanda? Nilikaa ndani ikiwa chini. Uliwahi kupigana vita? Nilipigana na kutu. Vijana hawakukata tamaa, wakamwita Rubani hivyo hivyo. "Shikamoo, Rubani." Naye kila siku aliitika, "Marahaba. Fundi." Mimi ningekuwa yeye ningekubali urubani, mambo yakaisha. Nilimwambia hivyo. Akasema hawezi kuendesha.

Sasa niseme kilichokuwa kinanikosesha raha, maana si urubani. Kwetu Wamakonde, mali ya mama inakaa mikononi mwa kaka yake. Mama aliacha mikorosho, shamba lisilo kubwa lakini zuri, linapakana na la mjomba wangu, na ukingoni mwake ndipo alipozikwa yeye na Bibi, mama yao. Nilirudi nikijua ile mikorosho ni yangu. Niliilima nikiwa mtoto, niliifahamu mmoja mmoja. Mjomba alinipokea vizuri, akachinja kuku, akawabeba watoto wangu mabegani. Nilipogusia mikorosho, akawaweka watoto chini.

"Mwanangu," akasema, "nkorosho si kuku. Haufungwi miguu ukapandishwa basi. Nikikupa leo, kesho nkwe wangu akiitwa na ndege zake, mnaondoka, mikorosho inabaki na nani? Siwezi kumpa ntu anayepita."

"Hapiti, Mjomba. Ndege zenyewe haziruki."

"Sanduku lake bado limefungwa. Mimi nimeliona."

Lilikuwa limefungwa kwa sababu hatukuwa na rafu. Lakini utamwambiaje mzee kwamba mtu hana rafu? Akasema ataangalia msimu wa salfa, dawa ya mikorosho, upite, na kama ataona bado tunapita, mikorosho atampa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye hajawahi kutoka Kitangari hata kwenda kutibiwa. Nilirudi nyumbani nimekasirika hadi nikaunguza ugali. Mume wangu aliula, akasema una ladha ya moshi, na kwamba moshi una faida zake katika majaribio ya hewa.

Alikuwa na tabia hiyo. Watoto walimuuliza siku moja juu ya ndege zake, akachonga muhogo mbichi ukawa na ncha, akauingiza kwenye kopo la maziwa lililotobolewa pande zote mbili, akaanza kuwaonyesha hewa inavyopunguzwa mwendo. Mtoto wetu mdogo aliula mfano kabla ya wimbi la pili. Hakumgombeza. Akahamia kwenye kopo peke yake, akaeleza kwamba kuna ndege nyingine midomo yake iko ubavuni, na midomo hiyo haigusani na mwili wa ndege, kati yake huachwa mwanya unaopenya mkono. Sababu ni kwamba hewa inayotambaa kwenye ngozi ya ndege huchoka kwa msuguano, inakuwa goigoi, na injini ikiimeza inakohoa. Mwanya unaiacha hewa iliyochoka ipite zake, mdomo unakunywa ile safi. Watoto wakauliza hewa iliyochoka hupumzika wapi. Akasema hilo ni swali zuri, akatoka nje kulifikiria, akakaa huko mpaka tukalala.

Msimu wa maua ukafika. Mikorosho ikichanua kwetu, ubwiriungu nao unaingia, ule unga mweupe unaokausha maua yakawa kama majivu. Dawa yake ni salfa. Zamani salfa ililetwa na chama cha ushirika, ikija imekuja. Sasa wafanyabiashara waliiuza madukani Newala na Tandahimba, na mashine za kupulizia nazo, zile za kubeba mgongoni zenye injini ndogo na feni inayolisukuma vumbi la salfa kwenye bomba hadi kileleni. Mjomba na wenzake wa mtaa walikuwa wamejichanga wakanunua moja ya pamoja. Waliipenda kuliko walivyopendana wao.

Ila mashine ilikuwa inakufa. Ikifanya kazi kidogo tu inaanza kukohoa, inazima. Wakiifungua wanakuta matumbo yake ya manjano tupu, salfa imejaa kila mahali isipopaswa. Wanaipangusa, inawaka, inakohoa tena. Mbebaji naye anatoka shambani macho mekundu, anakohoa pamoja nayo. Wakasema salfa ni bandia. Wakabadili duka. Wakasema mashine ni ya mitumba iliyopakwa rangi. Mmoja akasema ni kijicho cha watu wa Tandahimba. Maua ya mikorosho hayakusubiri wamalize kubishana.

Ndipo Mjomba akaja kwetu, akakaa, akakataa chai, akasema, "Nkwe, wewe ni fundi wa injini. Mashine inatufia."

Nilifurahi hadi nikasikia aibu. Nilijua ameleta mashine, lakini nilijua pia ameleta mtihani, na jibu lake ni mikorosho ya mama.

Mume wangu hakuifungua mashine. Hilo ndilo lililowakera watu kwanza. Fundi yeyote wa Newala ukimletea kitu, kabla hujamaliza salamu ameshatawanya nati. Yeye aliizunguka, akaiwasha, akaweka kiganja pale inapovuta hewa, akaizima. Kisha akaomba wafanye kazi kama kawaida, yeye atatazama. Akachukua fimbo, akaifunga uzi na kipande cha kanga yangu, kanga ambayo nilikuwa bado naivaa, akawa anatembea nyuma ya mbebaji amekinyanyua kile kitambaa kama mtu anayeongoza maandamano. Siku nyingine akawasha majani mabichi shambani kuona moshi unakwenda wapi. Watu wakaniuliza, kwa huruma kabisa, kama kule baridi haikumdhuru kichwa.

Nikawaambia wamngojee. Ndani yangu nilikuwa sijui.

Akarudi nyumbani siku hiyo, akakaa, akasema, "Mashine ni nzima."

"Basi kawaambie."

"Siwezi. Kosa liko kwa Bibi."

Niliacha nilichokuwa nikifanya. Bibi alikuwa amefariki zamani, na hata katika uhai wake hakuwahi kushika mashine.

Akanieleza. Katika mashamba ya ukoo wetu, kazi yoyote huanzia kwenye mkorosho wa Bibi, ule aliouotesha yeye mwenyewe, ulio mwanzo wa shamba upande wa kusini. Kabla ya kupalilia, kabla ya kuokota, Mjomba huweka unga kidogo kwenye shina lake, anasema maneno machache, na kazi inaanzia hapo kwenda mbele. Hakuna anayeanza kokote kwingine. Hata mimi niliona ni jambo la kawaida kama kuvua viatu mlangoni. Salfa nayo ilipoletwa waliipangia hivyo hivyo, kwanza Bibi, halafu wengine.

"Na upepo wa msimu huu unatoka kusini," akasema. "Ni upepo mdogo, mwendo wake ni wa mtu anayetembea amebeba mzigo. Wanaanzia kwa Bibi, wanapuliza, wanakwenda mbele, na vumbi linakwenda mbele pamoja nao, kwa mwendo ule ule. Hawaliachi wala haliwaachi. Kwa mashine ni kama hewa imesimama. Kila inachovuta ni kile ilichokwisha kutema."

"Hewa iliyochoka," nikasema.

"Mbaya zaidi. Hewa iliyotumika."

Dawa yake ilikuwa rahisi kuliko uji. Waanzie mwisho wa shamba, warudi wakielekea upepo unakotoka, mashine iwe kila hatua inaingia kwenye hewa safi na vumbi linabaki nyuma. Maana yake Bibi atapuliziwa wa mwisho. Na maana yake mkwe, mtu ambaye hapaswi hata kumtazama Mjomba usoni, akasimame mbele za watu amwambie kwamba heshima anayompa mama yake ndiyo inayoua mashine.

Akasema heshima haimruhusu, hivyo atafikiria njia ya kuirefusha shingo ya mashine ili ivute hewa ya juu. Aliomba bati. Nikaona kabisa msimu unakwisha akiwa anapima bati, maua yanakauka, na dada yangu wa Kitangari anaokota korosho za mama yangu. Hasira zikanipanda.

"Wewe ni kabila gani?" nikamuuliza.

"Unajua."

"Sema."

"Myao."

"Na mimi?"

Alikuwa ameelewa, na hakupenda alichokielewa. Myao na Mmakonde ni watani. Mtani anaruhusiwa kumwambia mtani wake neno lolote, hata msibani, hata mbele ya mtoto wake, na mwenye kukasirika ndiye mwenye makosa. Tangu tuoane alikuwa amekaa kwetu kama mkwe tu. Hakuwahi hata siku moja kusimama kama mtani. Nilimwambia kwenye kigoda amkalishe mkwe, shambani ampeleke Myao.

"Utani una kanuni gani?" akauliza.

"Unatukana, lakini kwa upendo."

"Kwa kiasi gani?"

Nilimfundisha jioni nzima. Nimefundisha watoto wazito, lakini yule alinitoa jasho. Kila tusi alilisahihisha. Nikimwambia sema Wamakonde wana vichwa kama magogo, anauliza magogo ya mti gani.

Asubuhi tukaenda shambani wote. Mjomba alikuwa ameshaweka unga kwenye shina, mbebaji ameshavaa mashine, majirani wamekusanyika kwa sababu walisikia kwamba leo fundi atasema. Mume wangu akasimama. Mikono ameibana ubavuni kama yuko gwaride. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kanga yangu iliyochanika.

"Mjomba," akasema, kwa sauti ile ile anayosomea vipimo, "ninyi Wamakonde mnachonga pua ya mtu kwenye gogo mpaka inataka kupiga chafya. Lakini pua ya mashine mmeizika kwenye salfa. Halafu mnasema mashine mbovu. Mashine haina ubovu. Wabovu ni ninyi."

Mbebaji aliangalia viatu vyake. Mimi nilianza kuhesabu kichwani vitu vya kufunga, godoro, masufuria, lile sanduku ambalo angalau lilikuwa limefungwa tayari.

Mjomba akamsogelea, akamtazama kutoka juu hadi chini kana kwamba ndiyo kwanza ameshushwa kwenye basi.

"Myao," akasema polepole, "kumbe una mdomo."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mti, na watu wote wakapasuka. Kisha, kama utani unavyotaka, akadai faini, akamvua mume wangu koti lake la nchi ya baridi, akalivaa yeye papo hapo, na jua linachoma. "Sasa sema vizuri," akamwambia. "Nimeshalipwa."

Mume wangu akaeleza yote, upepo, mwendo wa mtu, vumbi linalotembea na mwenye kulipuliza. Alipofika kwenye neno la Bibi kupuliziwa wa mwisho, kicheko kikaisha. Mjomba akaugeukia mkorosho ule, amevaa koti zito, jasho linamtiririka.

"Mama yangu," akasema hatimaye, "alipika, akapakulia wageni, akapakulia watoto, akampakulia baba. Mimi sijawahi kumwona akila kabla sufuria halijafika chini. Mkimpa wa kwanza atauliza wageni wamekula nini." Akamwambia mbebaji, "Unga umeshawekwa, salamu amepata. Nendeni mwisho wa shamba. Mtamkuta mkirudi."

Wakaenda mashine ikiwa imezimwa, kimya, kama watu wanaopita mlangoni kwa mgonjwa. Walipoiwasha kule mwisho na kuanza kurudi, vumbi la manjano likabaki nyuma yao. Mume wangu alitembea kando na kitambaa chake, hatazami watu, anatazama mdomo wa mashine tu, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu ndege zifunikwe turubai. Mashine haikukohoa. Walifika kwa Bibi, wakampulizia, mbebaji akavua mashine akasema macho yake hayawashi. Nililia. Niliwaambia watu ni salfa.

Mtaa mzima ukaacha kupuliza kwa kufuata upepo, na maua yakashika. Korosho zilipokuwa tayari, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao kugombania magunia, na Mjomba alikuwa anawapokea amevaa lile koti. Hakuna aliyemwita mume wangu Rubani tena. Walimwita Myao, na wakawa wanamtukana kila mahali, na yeye anajibu, vibaya sana, bila ladha yoyote, na ndivyo walivyompenda.

Mimi bado sikuwa nimeambiwa chochote. Sikuuliza. Msimu ulipokwisha Mjomba akatuita shambani mimi na mume wangu, tukamkuta kwenye mikorosho ya mama. Akanizungusha mti kwa mti, upi ni wa zamani, upi ulianguka tawi, kama vile siujui hata mmoja. Nilimwacha aseme. Mwisho akanishika mkono.

"Hii ni ya mama yako," akasema. "Kuanzia leo ni yako. Watoto wako wataikuta."

Nilipiga goti. Akaniinua, akaendelea kutembea mpaka ukingoni, penye kaburi la Bibi na la Mama. Akasimama pembeni ya kaburi la Mama na kuchora ardhini kwa fimbo, urefu, kisha upana.

"Na hapa ni pa ntani wangu."

"Pa kufanyia nini, Mjomba?" nikauliza.

"Pa kulala. Nkwe akifa hurudishwa kwao. Huyu asirudishwe."

Mume wangu alivua kofia. "Ahsante, Mjomba."

"Usiniambie ahsante, Myao," Mjomba akasema. "Bado hujafa."

Mume wangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, akalima, akazeeka, akawafundisha vijana kutunza mashine. Mjomba alimtangulia, na siku ya kumzika Mjomba iliachwa nafasi kati yake na Mama, kwa agizo lake mwenyewe. Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Masasi na gari, wameshachimba kaburi kwao, wamekuja kumchukua. Sikubishana nao. Niliwapeleka shambani. Kaka yake mkubwa akauliza ni nani aliyempa mdogo wake mahali hapa. Nikamwambia ni mjomba wangu, akiwa hai, mbele ya mume wangu mwenyewe, naye alishukuru. Kaka yake akatazama ile nafasi katikati ya makaburi ya watu wetu. Kisha akakunja mikono ya shati, akaomba jembe.